Mvungu wa Nani?

Juzi skuli moja hapa kisiwani Lamu ilimwalika mgeni wa heshima awape wanafunzi nasaha za kazi. Saa nzima wimbo wake mmoja: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto wa wavuvi wanampigia makofi, mimi nyuma nimeshika tama. Bwana huyu alipomaliza chuo alikaa Nairobi kwa ami yake, akila, akilala, akijitolea ofisini bila malipo mpaka ikapatikana kazi ya maana. Hapo pa ami hakupataja kwenye nasaha zake.

Kijana wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi huko Pate, hana ami Nairobi. Muhula wa pili hufunguliwa kusi ikianza kuvuma, bahari imechafuka, mashua zimepandishwa, babake hana kitu na wadogo zake wanadaiwa karo. Akihitimu atangoja nini? Anashika kazi ya kwanza inayotokea, tuseme shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenziwe mwenye digirii ileile anaikataa, anavuta subira kwa chakula cha mamake, anapata 50,000.

Utasema watalingana mbele ya safari. Wapi! Nyongeza huhesabiwa juu ya mshahara ulio nao. Wote wakiongezwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 20 mmoja yuko kwenye 80,000 hivi, mwingine 133,000. Pengo la 20,000 limekuwa 53,000, na hakuna aliyezembea. Yule wa Kizingitini akitaka kuhama kazi, mwajiri mpya anamwambia alete pesilipu, apimiwe kwa hiyo. Miaka 20 imepita, bado analipwa kwa ile njaa ya kusi!

Na hapo sijakata HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo ya chuo, wala zile za M-Pesa ziendazo nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Wapo waliopenya, sikatai. Kila mtaa una wake mmoja, naye ndiye tunayesimangwa naye. Mabinti wana yao, wengine hata huo mlango wa ofisi hawaufikii. Ardhi siigusi leo. Tangu sheria ya mkoloni ya hati za ardhi ya 1908 ilipotukuta hatuna karatasi, mzee wa hapa ataweka nini rehani benki?

Kuinama tumeinama, jamani, migongo inauma. Anayefanya kazi ya ofisi alipwe, hata kama ni mwanagenzi. Mwajiri aulize mtu anajua nini, pesilipu ya jana aiache. Na bursari itoke kabla ya kusi.