Rambirambi Sizitaki, Nipeni Gasketi

Asubuhi ya leo pikipiki yangu imenipa amri. Nimefungua swichi, dashibodi ikawaka, na pale ambapo siku zote nasoma kilomita pakatokea maandishi mekundu: "Wasiliana na wakala wako." Wakala yupi, jamani? Kibao chake kimeshang'olewa ukutani, zimebaki tundu za misumari. Kiwanda chenyewe kilichoiunda kimefilisika, kiko mikononi mwa mfilisi anayeuza mali zake kulipa madeni, na simu za mfilisi zinapokelewa na muziki. Taa hiyo haizimwi kwa bisibisi wala kwa dua. Inazimwa kwa kompyuta ya wakala, na kompyuta ya wakala sasa ni mali ya wadai. Basi kila nikiwasha nakumbushwa nimpigie marehemu.

Wenye pikipiki za viwanda vidogo mmeshanielewa, sina haja ya kuanzia mbali. Ninyi wa viwanda vikubwa endeleeni tu kuokota chujio la oili kwenye rafu ya kwanza mnayoikuta.

Tangu habari zitoke, shemeji amesema "si nilikuambia" mpaka imekuwa ndiyo salamu yake. Jirani ameniuliza, kwa upole kabisa, kama kiwanda kikifungwa injini nayo huzima. Watu wa bima walitaka bei ya pikipiki mpya ya aina ile. Nikawaambia mpya hakuna, wakaandika "haina thamani", na ada ikabaki palepale. Rafiki yangu aliyelipa arbuni ya toleo ambalo halitatoka tena amepokea barua ndefu ya kumfafanulia foleni ilivyo: mbele yake yuko mfilisi na gharama zake, iko benki iliyoshika dhamana, wako wafanyakazi, wako watu wa kodi. Yeye yuko mwisho kabisa, bega kwa bega na aliyekuwa akikiuzia kiwanda bahasha. Anajiliwaza na wadai wa KTM, kiwanda cha pikipiki cha Austria, ambao 2025 walikubali asilimia 30 ya walichokuwa wakidai. Ndoto yake siku hizi ni asilimia 30. Mtu mzima.

Hao wote nimewasamehe. Ninayetaka kumsema ni yule mzee wa kituo cha mafuta.

Nilikuwa nimefika kwenye pampu, mhudumu ameshika mpira, mimi nafungua kifuniko cha tangi. Mzee mmoja akashuka kwenye pikipiki yake, akavua helmeti, akaikumbatia kifuani. Nikadhani amepatwa na moyo. Akaja polepole, akaweka kiganja juu ya tangi langu, akafumba macho.

"Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa, mzee."

"Na hongera."

"Ya nini tena?"

"Unayo. Hazitaundwa nyingine. Umeshika kitu adimu."

Adimu! Gasketi ya kifuniko cha klachi inavuja, oili inanidondokea kwenye kiatu cha kulia, soksi ya upande huo imeshapata rangi yake ya kudumu, halafu naambiwa hongera. Lakini mkubwa ni mkubwa. Nikasema ahsante, nikijua yatakwisha.

Hayakwisha. Akavuta pumzi akaanza kunihesabia viwanda vya pikipiki vilivyokufa: Vincent wa Stevenage, Uingereza, ambao pikipiki yao Black Shadow ilizipita mbio zote zilizokuwa zikiuzwa madukani zama zile, na 1955 wakaacha kuunda pikipiki. Kutoka hapo akaingia kwa Lodi Hesketh, Mwingereza ambaye timu yake ya magari ya mbio za Formula One ilimpa dereva James Hunt ushindi kule Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1975, akaona basi pikipiki itakuwa kazi ndogo. V1000 yake ikatoka 1982, gia nzito, silinda ya nyuma inachemka, na mwaka wenyewe haujaisha kampuni ikawa imeanguka.

"Mzee," mhudumu akauliza, "unaweka mafuta au unahutubia?"

"Mhudumie kijana," akasema, na mkono haukutoka kwenye tangi. Mhudumie vipi, na kiwiko chake kiko juu ya tundu la petroli?

Akaenda Rimini, Italia, kwa kiwanda cha Bimota. Kumbe Bimota kabla ya pikipiki walikuwa watu wa mabomba ya kupashia nyumba joto. Mmoja wao, Massimo Tamburini, akaanguka na Honda yake kwenye uwanja wa Misano, akavunjika mbavu, akaamua fremu za watu wengine hazimfai. Wakaunda vitu vya kupendeza kwa miaka, mpaka 1997 walipotoa V-Due, injini ya mipigo miwili yenye mfumo wa kuingiza petroli ambao haukutaka kusikilizana na mkono wa mwendeshaji. Pikipiki zikarudishwa, kampuni ikazama. Mimi nikawa nawaza yale mabomba tu. Baridi haijawahi kufilisika.

Alipofika kwa Buell, pikipiki za Kimarekani zilizokuwa chini ya Harley-Davidson, sauti ikamkatika kabisa. Oktoba 15, 2009, Harley-Davidson walipotangaza kuifunga, alisema, alikuwa mezani na chakula hakikushuka. Petroli ndani ya fremu! Oili ndani ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma! Diski ya breki imefungwa ukingoni mwa rimu! Na mwanzilishi wake, Erik Buell, akaanza upya na kampuni yake EBR, na 2015 ikaanguka nayo! Kufikia hapo foleni nyuma yetu ilikuwa imetoka nje ya geti, honi zinalia, kijana mmoja anapiga picha, na mama mmoja ameshuka garini kuulizia nani amefariki.

Nikaona nimkate.

"Mzee, wewe unaendesha nini?"

Akanyoosha kidole nyuma bila kugeuka. Ya Kijapani, silinda nne, inang'aa. Ya kugusa kitufe ikawaka.

"Na hii yangu, ilipokuwa ikiuzwa, uliiona?"

"Kuiona? Nilikuwa nashinda pale dukani! Niliikalia. Niliwasha, nikasikiliza. Mpaka wauzaji walinijua kwa jina."

"Mbona hukununua?"

"Nilikuwa nawasubiri waimarike."

"Waimarike kwa hela ya nani?"

Akafikiri. "Halafu, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "spea zake ni tabu."

Heshima ilinibana koo. Nikajifunga mdomo, nikamwambia kwa adabu kwamba tabu hiyo naijua, ipo kwenye soksi yangu, natafuta gasketi moja tu ya kifuniko cha klachi.

Uso ukamchangamka. "Hizo ninazo! Wakala alipopiga mnada nilizoa boksi zima."

Ndugu zangu, nilitaka kumbusu. "Nzima?"

"Ziko kwenye pakiti za kiwandani, hazijaguswa."

"Niuzie moja."

Akarudi nyuma hatua. Kiganja kikatoka kwenye tangi kwa mara ya kwanza. "Moja? Nikivunja seti, thamani inashuka."

"Mzee, hiyo ni gasketi. Kazi yake ni kuzuia oili."

"Kwako wewe," akasema, kwa huruma. Kisha, ili tusiachane vibaya: "Siku ukiichoka usiitupe. Nitakuchukulia tangi. Nitalitundika sebuleni."

"Na petroli nitaibeba mdomoni?"

Hapo ndipo niliposahau umri wa mtu. Nilisema nikiwa nimesimama juu ya vibao vya kukanyagia, foleni nzima inasikia. Kwamba kiwanda hiki kimeuawa na watu waliokipenda wakiwa wamefunga pochi. Kwamba mlikikalia, mkakisikiliza, mkakipiga picha, mkaenda kununua nyingine, na leo machozi yenu ni mengi kuliko ya fundi wa kule kiwandani ambaye hajui mshahara wake wa mwisho ataupata lini. Norton, kiwanda cha pikipiki cha Kiingereza, ilipoanguka Januari 2020 walikuwapo watu ambao akiba zao za uzeeni zilikuwa zimeingizwa humo, na mwenye kampuni akaja kukiri mahakamani 2022 kwamba uwekezaji ule ulivunja sheria. Huyo mstaafu mpeni pole. Mimi nipeni gasketi!

Mhudumu akasema, "Elfu samahani kaka, unajaza?"

Nikajaza. Mzee akapiga picha ya mwisho, akawasha yake kwa kitufe, akaondoka taratibu kama mtu atokaye makaburini.

Gasketi nimekatiwa na fundi wangu. Huyu halii. Alitandaza karatasi ya gasketi juu ya kifuniko, akachukua nyundo yake ndogo ya kichwa cha duara, akawa anagonga ukingo kwa ukingo, tik tik tik, karatasi inajikata yenyewe kwa kufuata chuma. Matundu ya boliti akayatoboa kwa gololi ya beringi iliyochakaa. Akapaka grisi kidogo, akafunga. Nikamwonyesha na ile taa nyekundu. Akaitazama, akaitazama na nyundo, akasema hiyo hapana.

Sasa wapenzi wenzangu wa pikipiki hii wamekuja na wazo: tuchange tununue kiwanda. Sisi! Watu ambao hatujawahi kukubaliana saa ya kuondoka safari, na mweka hazina wetu bado anadai hela ya chai ya kikao cha mwanzo. Nimewaambia Norton ilinunuliwa na TVS, kampuni ya pikipiki ya India, kwa pauni milioni 16. Wakasema tuanze na tulichonacho. Nimewaambia hata Harley walinunua kiwanda cha Kiitalia cha MV Agusta 2008 kwa dola zaidi ya milioni 100, na 2010 wakaiachia kwa euro za kuhesabu kwa vidole, tena walikuwa wanajua wanachofanya. Wakasema mimi nakatisha tamaa. Triumph ya Uingereza ilipokufa 1983 aliyeichukua ni John Bloor, mjenzi wa nyumba, akaikalia kimya mpaka pikipiki mpya za kiwanda chake cha Hinckley zilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 90. Sisi kati yetu hakuna mjenzi. Yupo mmoja mwenye ngazi.

Na nani aliwaambia watengenezaji kwamba pikipiki inahitaji sensa, hivi vidude vya umeme vya kuhisi, kila kiungo? Sensa ya klachi, sensa ya kuinama, sensa ya stendi ya pembeni! Juzijuzi tope limeingia kwenye hiyo ya stendi, pikipiki ikaamini imeegeshwa, ikajizima katikati ya njia panda, nyuma yangu basi, dereva amekalia honi. Nimekagua plagi, nimekagua fyuzi, nimeomba. Akatokea kijana ambaye hata pikipiki hana, akaipiga stendi teke moja la haki, injini ikakubali kuwaka. Nikamwuliza amesomea wapi. Akasema anauza miwani.