Mwisho wa Kitabu Umo Kwenye Njugu

Kuna watu hula njugu kwa njaa, na kuna wanaozila kupoteza wakati pale Laitihausi, Mombasa, huku wakitazama meli zikiingia Kilindini. Mimi nilizila kwa sababu ya binti mmoja wa kwenye kitabu aliyeshindwa kuchagua mchumba. Hadi leo nikisikia mtu ananadi "njugu moto", tumbo hunigeuka.

Kitabu chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa cha mpwa wangu, mtoto wa dada, anayekaa nasi hapa Kibokoni kwa ajili ya shule. Yuko kidato cha tatu, na siku zile alikuwa akisoma akila, akisoma akitembea, akisoma hata akitumwa dukani, mpaka siku moja akatuletea chumvi badala ya sukari na chai ikanywewa na paka. Nikamwambia, hebu lete nikikague. Jalada lilinitia shaka. Msichana amevaa gauni la hariri, amesimama mbele ya mji ulioteketea, na nyuma yake kuna kijana hana shati. Mji umeungua, sawa. Shati limeungua, sawa. Gauni limeponaje?

Mtoto akaninunia. Mimi nikaenda na kitabu kazini.

Nauza leso Biashara Street, na anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mwezi ukiwa katikati, baada ya adhuhuri, unaweza kuzikunja leso zote upya kuanzia rafu ya juu hadi ya chini na asiingie mtu. Nikakificha kitabu ndani ya daftari la madeni, nikaanza ukaguzi. Tajiri wangu aliporudi kuswali alasiri akanikuta nimeyainamia madeni kwa bidii ambayo hajawahi kuiona kwangu. Akanisifu mbele za watu.

Kisa ni hiki. Ni Marekani ya siku zijazo, baada ya vita ambavyo haielezwi nani alipigana na nani. Mji umezungushiwa ukuta. Ndani ya ukuta serikali imewagawa watu kwa rangi za nguo, na ukifika miaka 16 unapelekwa uwanjani, mashine inakupima damu, kisha inakutajia kazi utakayofanya na mtu utakayefunga naye ndoa. Binti wetu anatajiwa kijana mpole, mtoto wa mkubwa. Papo hapo anamwona mwingine juu ya ukuta, mchafu, ana kovu shavuni, anamtazama tu. Basi, umeshakijua kitabu chote. Kurasa zaidi ya 250 zinazofuata ni huyu ama yule. Serikali yenyewe, ile katili, hutokea pale tu mwandishi anapotaka wawili wajifiche chumba kimoja.

Mpwa wangu, siku aliyokubali kunisemesha tena, alinieleza kwamba ndio mtindo. Tangu Suzanne Collins alipotoa The Hunger Games mwaka 2008, akafuatiza viwili hadi 2010, filamu nazo zikaja, wachapishaji wa Marekani wakamimina mabinti wa miaka 16 wa kupindua serikali, na wengi wao wana wavulana wawili wa kuwagombania. Haya. Lakini yule wa Collins, kwa nilivyosimuliwa, huingia mwituni kuwinda ili mama yake na mdogo wake wapate kula. Huyu wangu alikuwa anashiba kutwa mara tatu, na lalamiko lake kubwa ni kwamba kundi lao linavaa kijivu.

Mambo yaliharibikia nyumbani. Mama alinisikia nikifyonya peke yangu kwenye kiti.

"Wasoma nini weye?"

"Hadithi ya upuuzi, mama."

"Haya, nisomee."

Mamangu hajui Kiingereza, na hadithi ya upuuzi ndiyo aipendayo zaidi. Nikawa nasoma huku nafasiri. Usiku wa pili akaja jirani wa mlango wa pili na mchele wake wa kuchambua. Akaja na mwengine anayeshona kofia za viua, halafu biharusi mmoja wa juu aliyeolewa karibuni, mpaka ukumbi ukajaa na mimi nikanyimwa hata kiti. Majina ya wahusika yalikuwa kama ya dawa za kikohozi, kwa hiyo mama akayabadilisha. Binti akawa Zuwena. Kijana mpole akawa Yusufu. Wa tatu akaitwa Yule wa Ukutani.

Nikafika kwenye ile mashine. Nikashusha sauti ili watishike.

"Serikali yamchagulia Zuwena mume!"

Kimya. Mchele unachambuliwa.

"Halafu?" mama akauliza.

"Mama, hamjui! Hampendi! Mashine imemtaja tu!"

"Mimi babako nilimwona siku ya harusi, na aliyemtaja hakuwa mashine, alikuwa shangazi yangu, na macho yake yalishaanza kufa. Huyo Yusufu yuna kazi?"

"Anayo."

"Avuta sigara?"

"Havuti."

"Basi huyo mtoto ataka nini?"

Nikaona niwatishe kwa maisha ya mle ndani. Nikawasomea kwamba kila nyumba ina mfereji wenye mita, na serikali inampimia kila mtu maji yake ya siku, hapati hata tone la zaidi.

Sindano ya mshona kofia ikasimama katikati ya ua.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Matamu?"

"Matamu."

Wakatazamana. Mji wetu huu unangoja maji kutoka chemchemi ya Mzima, kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200 za bomba, na mengine ya Baricho, na bado tunanunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, ambaye ukimkosea salamu anapeleka mtaa mwengine. Jirani akaweka ungo chini.

"Na huo ukuta," akauliza, "mlango wa kuingilia uko upande gani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba mwandishi ameshindwa kazi. Nchi ya kutisha sharti itishe. Shaaban Robert mwaka 1951 aliiweka Kusadikika angani, akamsimamisha Karama kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria, akasimulia wajumbe sita waliotumwa kila upande, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na faida na malipo yao yakawa gereza, kisha akaimaliza kesi na Karama akaachiliwa. Yote hayo ndani ya kitabu chembamba kinachoingia mfuko wa kanzu. Na hakuna mtu aliyevua shati.

Lakini nenda kawaambie wale wanawake. Ukumbi ulikuwa umeshagawanyika. Mama na mwenye mchele walikuwa upande wa Yusufu. Biharusi alikuwa wa Yule wa Ukutani, waziwazi, tena mumewe akiwa anaswali chumba cha juu. Mama akamwambia, "Na Ngome si ina ukuta tangu enzi za Mreno? Vijana wanaokaa pale wote nawajua, hakuna wa kuoa hata mmoja." Siku ya pili muuza kahawa wa pale kona akanigongea vikombe na kuniuliza, kabla ya salamu, "Vipi, Zuwena kaamua?" Kisa kilikuwa kimeshatoka nje.

Ikapangwa kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa tutamaliza. Mama akapika mahamri, akatengeneza juisi ya ukwaju, akafagia mpaka chini ya ngazi. Mimi nikarudi kutoka kazini mapema, nikakifungua kitabu nijitayarishe. Kiliishia ukurasa wa 288. "Akageuka, akamshika mkono, akasema," basi. Baada ya hapo ni jalada la nyuma na utepe wa gundi iliyokauka. Gundi ya vitabu hivi haijazoea joto la Mombasa, kwa hiyo kipande cha mwisho kilikuwa kimechomoka chote.

"Mama, kuna karatasi zilikuwa humu."

"Zile za chini ya ngazi? Pamoja na mitihani ya mtoto? Nshampa mwenye njugu. Kaomba za kufungia."

Nani aliziweka chini ya ngazi pamoja na mitihani, hakuna aliyesema. Mpwa wangu alikuwa anatazama dari.

Nikatoka mbio. Muuza kahawa akaniambia kapita Makadara. Makadara wakaniambia kashuka Laitihausi, watu ni wengi leo. Nikapanda tuktuk, na dereva alipoona navyomhimiza akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia yuko, simjui jina lake halisi.

Nilimkuta chini ya mbuyu, beseni lake limejaa vikaratasi vimesimama wima, mkebe wa makaa katikati.

"Nipe njugu, ami."

"Za ngapi?"

"Zenye Kiingereza."

Akanitazama kuanzia kofia hadi kandambili. "Zote zina njugu, ami. Kiingereza sina habari nacho."

Nikanyoosha mkono nichungulie. Akaniambia pale ukishika umenunua. Shilingi kumi kila kimoja. Cha kwanza nilichofungua kilikuwa na mchoro wa figo na maksi nne kwa kumi za kalamu nyekundu, jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa nyumbani. Cha pili kilikuwa jiografia. Cha tatu, alhamdulillahi, kilikuwa kitabu, lakini nusu ukurasa, kwa sababu bwana huyu ana ubahili wake na kila karatasi huipasua mara mbili. Mafuta yalikuwa yameipenya mpaka maandishi ya upande wa pili yakaonekana kinyumenyume, na chembe za chumvi zimejipanga juu ya mistari, sijui ipi nukta ipi chumvi. Nikajaza mifuko ya kanzu. Ilipojaa nikajaza kofia. Kofia ilipojaa nikaanza kula, maana njugu nimelipia na kuzimwaga mbele ya mwenyewe ni matusi.

Zilizobaki alikuwa ameshaziuza. Watu walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa bahari, kila mmoja na kipande changu mkononi. Nikawaendea vijana wawili, mwanamume na mwanamke wa buibui.

"Samahani ndugu zangu, mkimaliza naomba karatasi."

Mwanamume akasimama. "Huyu ni mke wangu, na cheti cha ndoa ninacho."

"Sitaki cheti, nataka karatasi ya njugu."

Wakanipa na njugu zenyewe, wakahama. Mbele kidogo kulikuwa na mzee mmoja amevaa miwani, karatasi ameikunjua, anaisoma kwa utulivu. Nikamsalimu shikamoo, nikamweleza. Hakunicheka.

"Hapa yuambusu," akaniambia.

"Nani, mzee? Yupi?"

Akaigeuza, akaitazama kwa mwanga wa taa. "Imekatika."

Narudi nyumbani isha imeshaswaliwa, ukumbi umejaa, mahamri yamefunikwa kawa. Nikatandaza vile vipande juu ya mkeka, nusu kwa nusu, na wale wanawake wakapiga magoti kunisaidia kuunganisha ingawa hakuna anayejua Kiingereza. Walikuwa wakifuata madoa ya mafuta. Mwenye mchele akapata pembe ya ukurasa wa mwisho kabisa, ikiwa imenata kwenye kofia yangu. Nikausoma kimoyomoyo kwanza. Zuwena yuko juu ya ukuta, jua linachomoza. Kulia Yusufu kanyoosha mkono. Kushoto Yule wa Ukutani kanyoosha mkono. Zuwena anafumba macho. Chini yake, kwa herufi kubwa: mwisho wa kitabu cha kwanza. Na tangazo la cha pili, na bei yake kwa dola.

Nilikaa pale nimeshika karatasi. Tumbo lilianza kunguruma, si kwa njaa.

"Haya," mama akasema. "Kamchukua yupi?"

Sindano imesimama. Biharusi ameuma ukaya. Na mpwa wangu, ambaye alijua tangu siku ya kwanza kwamba viko vitatu, amesimama mlangoni anakula hamri, ananitazama.

"Yusufu," nikasema. "Kamchukua Yusufu. Mahari yametolewa, mkuu wa serikali kajiuzulu kwa aibu, ukuta umevunjwa, na mita za maji wameng'oa, maji ni bure."

Vigelegele vilisikika hadi Ndia Kuu. Biharusi aliondoka bila kuaga. Mimi niliingia msalani na sikuonekana tena ukumbini usiku ule, wala dukani siku ya pili.

Baadaye mpwa wangu akaazima kitabu cha pili kwa mwenziwe, akakimaliza, akaja kusimama mbele ya nyanya yake.

"Nyanya, Zuwena hajaolewa. Ametoroka na Yule wa Ukutani, na Yusufu ndiye aliyewachongea kwa serikali. Imeandikwa."

Mama hakuinua uso kwenye ungo.

"Huyo aliyeandika hakuwako. Zuwena kaolewa, watu wameshuhudia, na mahamri nimepika mimi."