Uvimbe wa Titi Usitupwe Kabla ya Kupimwa

Nina msimamo mmoja ambao huenda baadhi ya madaktari waliozidiwa na kazi wakauona mzito: uvimbe wowote unaokatwa titini, hata ukionekana wa kawaida kiasi gani, usitupwe kabla mtaalamu wa patholojia hajauchunguza kwa darubini na kuandika alichokiona.

Uvimbe ninaouzungumzia hasa ni fibroadenoma, uvimbe wa titi ambao wenyewe si saratani, na ambao huwapata zaidi wasichana na wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 35. Kwa kawaida hauumi, kingo zake ni laini, na ukiubonyeza huteleza chini ya vidole. Wanawake wengi huishi nao miaka mingi bila madhara yoyote, na wengine huona ukisinyaa wenyewe. Nisingependa msichana wa miaka 19 asome maneno haya kisha akeshe kwa hofu, kwa sababu saratani kukutwa ndani ya fibroadenoma ni jambo la nadra sana, chini ya mgonjwa mmoja kwa kila 100. Kwa msichana wa umri huo, ambaye vipimo vyake vyote vinakubaliana kwamba hakuna dalili ya saratani, kuuacha uvimbe na kuufuatilia kwa ultrasaundi kila baada ya miezi kadhaa ni uamuzi wa busara.

Hata hivyo, uvimbe huu umeundwa na nyama ya aina mbili: nyuzi zinazoshikilia titi, na seli zinazotanda ndani ya mirija na vifuko vya maziwa. Seli hizo za pili ndizo ambamo saratani nyingi za matiti huanzia, na kukaa kwake ndani ya fibroadenoma hakuzipi kinga yoyote. Zinapogeuka kuwa saratani, mara nyingi saratani hiyo hukutwa ikiwa bado imefungiwa ndani ya mirija au vifuko, haijapenya kwenye nyama ya jirani. Katika hatua hiyo ngozi haijabonyea, chuchu haijavutwa ndani, kwapani hakuna tezi iliyovimba. Mkono wa daktari, hata uwe na uzoefu wa miaka 30, hauwezi kuihisi, na ultrasaundi inaweza kuonyesha umbo lile lile la yai lenye kingo laini. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa aina hii waligunduliwa baada ya uvimbe kutolewa kwa sababu nyingine kabisa, pale mtaalamu alipoangalia vipande vyake kwa darubini.

Sindano ya kuchukua sampuli ya uvimbe nayo ina mipaka yake. Ile nyembamba hufyonza seli chache zilizotawanyika, na haiwezi kueleza kama saratani imepenya au bado imefungiwa. Ile nene, inayokata vijiti vya nyama, ni bora zaidi na ningependa iwe ya kawaida katika hospitali zetu za mikoa na kaunti, lakini nayo huchukua sehemu ndogo tu ya uvimbe. Kwa hiyo jibu la sindano linapaswa kusomwa pamoja na uchunguzi wa mikono na picha. Iwapo mwanamke ana miaka 42, uvimbe wake umeanza kukua upesi, au mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, imeonyesha chembe ndogo ndogo za chokaa zisizolingana zilizojikusanya mahali pamoja, jibu linalosema “hakuna saratani” halitoshi kumrudisha nyumbani. Kipimo kirudiwe, au uvimbe utolewe wote.

Faida ya darubini haiishii kwenye saratani yenyewe. Mwaka 1994 William Dupont, David Page na wenzao walichapisha Marekani utafiti uliofuatilia kwa miaka mingi wanawake waliowahi kuwa na fibroadenoma. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko changamani, kama vile vifuko vya maji au chokaa ndani ya seli za mirija, walikuwa na hatari ya kupata saratani ya matiti baadaye takriban mara tatu ya wanawake wengine. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa wa kawaida, na hawakuwa na saratani ya matiti katika familia, hatari yao haikuongezeka. Taarifa hiyo humwambia mwanamke afuatiliwe kwa karibu kiasi gani, na haipatikani kwa kugusa.

Huku kwetu Afrika Mashariki, wanawake wengi hufika hospitali saratani ikiwa katika hatua ya tatu au ya nne, na wengi wao ni wa umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Kwa hiyo inaniuma sana ninapoona mama aliyefika mapema, aliyejipanga na kulipia upasuaji, akikabidhiwa kichupa chenye nyama yake aitafutie maabara mwenyewe, tena kwa gharama nyingine ambayo hakuambiwa mapema. Fedha zikikosekana, kichupa hubaki kabatini, na huenda fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, haikuwekwa ya kutosha, hivyo nyama ikaharibika kabla ya kupimwa.

Napendekeza gharama ya patholojia ijumuishwe katika bei ya upasuaji tangu siku ya kwanza, bima ilipe vyote viwili kwa pamoja, na hospitali iliyokata ndiyo iwajibike kusafirisha sampuli na kufuatilia majibu. Mgonjwa apewe nakala ya ripoti iliyoandikwa, aelezwe kwa Kiswahili, na tarehe ya kurudi kuichukua ipangwe kabla hajatolewa nyuzi za kidonda.