Kifauongo, Baba Mkwe na Harufu Isiyo na Mwenyewe

Kila aliyewahi kukigusa kifauongo anakumbuka majani yake. Unapitisha kidole, vijani vinalala viwili viwili, kikonyo kinainama, na kufumba na kufumbua mmea mzima umeshajifanya maiti. Habari za mizizi yake hazivumi hivyo. Laiti zingevuma, mimi na baba mkwe wangu tungekuwa bado tunatazamana usoni.

Kilikuwa kimeota nje ya uzio, mahali ambapo kila anayepita alikikanyaga, na bado kilitoa vile vimaua vyake vya duara, rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Nikaamua kukihamishia bustanini. Wapo watakaocheka: gugu linalong'olewa na wenzako, wewe unalikaribisha? Nawaelewa. Kifauongo asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na kimeshaenea karibu kote kwenye joto bila kuombwa. Lakini gugu lenye maua ya namna ile mimi nalisamehe mengi.

Anayetaka kukihamisha achague mche usiozidi shibiri moja. Ukishapita hapo, shina la chini limekuwa gumu na mzizi mkuu umezama mbali; ukiukata katikati, mmea unakauka huku unautazama. Jioni ya kuamkia kazi mwagia shina nusu ndoo ya maji, kwa sababu udongo mkavu hubomoka na kuiacha mizizi uchi. Kisha kusanya matawi juu na kuyafunga kwa kitambaa kizito. Hapa tabia yake ya kujikunja inakusaidia, maana ukimgusa tu anajipunguza mwenyewe. Miiba ndiyo haijikunji. Vaa glavu.

Chora duara, sentimita 15 kutoka kwenye shina pande zote, halafu zamisha sepetu ndogo wima hadi sentimita 25 kabla ya kuinamisha mpini. Wanaoinamisha mapema hukata mzizi mkuu na kubaki na shada la maua. Ukiinua donge, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Pasua kimoja: kikiwa na wekundu ndani, bakteria wako kazini wakiupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Ndiyo maana shimo jipya halihitaji samadi wala mbolea ya kukuzia. Ukiiweka utapata majani mengi na maua ya kuhesabu. Kinachohitajika ni karai moja la udongo wa kule kilikotoka, ili wale bakteria nao wahame.

Saa nzuri ni alasiri, jua likishapoa. Kasoro yake ni kwamba kifauongo hulala usiku. Giza likiingia hufunga majani hata kama hujakigusa. Mwaka 1729 Mfaransa aitwaye de Mairan alikifungia gizani, akakuta kinaendelea kufungua na kufunga kwa saa zake chenyewe. Kwa hiyo ukikihamisha jioni hutajua kimelala, kimeshtuka au kimekufa, mpaka asubuhi. Kwangu hilo halikuwa tatizo, hadi wageni walipofika.

Wakwe walikuja saa kumi, donge likiwa ndiyo kwanza limetoka ardhini. Mama mkwe akaingia ndani kumwona bintiye. Baba mkwe akasema anataka hewa safi. Nayanukuu maneno yake yalivyo: hewa safi. Akaletewa kiti, akakiweka hatua mbili kutoka kwenye shimo langu, upande upepo unakoelekea.

Mpaka hapo hapakuwa na harufu yoyote, kwa kuwa nilikuwa natumia chuma. Lakini udongo wa kule nje una mchanga mwingi, na maji ya jana yake hayakuushika wote. Nilipokuwa nateremsha donge shimoni, nusu yake ikaporomoka na mzizi mkuu ukabaki unaning'inia. Mzizi wa namna hiyo lazima unyooshwe uelekee chini moja kwa moja. Ukiuzika ukiwa umejipinda kurudi juu, mmea hudumaa. Kuunyoosha kunataka ncha za vidole, na glavu nene hazina ncha. Nikazivua.

Nikaupitisha mzizi katikati ya vidole, taratibu, kutoka juu hadi chini.

Harufu ile haikuchelewa. Ni salfa tupu, yenye yai viza ndani yake, na inasafiri chinichini bila sauti, jambo ambalo kwa hali yangu lilikuwa baya zaidi. Baba mkwe alikuwa anazungumza. Akakatisha sentensi. Akatoa leso, akapangusa pua isiyo na mafua, akasogeza kiti nyuma kidogo kwa adabu ya hali ya juu. Mkwe anayeuliza unaweza kumjibu. Anayenyamaza hakupi pa kushika.

Binti yangu mdogo, aliyekuwa ameshika ndoo, hakunyamaza.

"Baba kajamba!"

"Si mimi," nikasema. "Ni mizizi."

"Mizizi," akarudia baba mkwe, kwa sauti ya hakimu anayetaka karani aandike neno la mshtakiwa kama lilivyotamkwa.

"Ndiyo, baba. Mizizi ya mmea huu ina kemikali zenye salfa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Albany, Marekani, walichapisha matokeo. Miche michanga ya kifauongo, mizizi yake ikiguswa na kidole cha mtu, inatoa gesi. Ikiguswa na chuma au kioo, haitoi."

"Kwa hiyo inachagua."

"Inachagua, baba. Ina vifuko vidogo sana juu ya ngozi ya mzizi. Ukivigusa vinanywea."

"Na gesi hiyo ni ya mmea."

"Ya mmea, baba."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, ile ya mzazi. "Mwanangu, tumbo limeanza lini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ukweli ukitimia mno hauaminiki. Ningesema "samahani, baba", jambo lingeishia pale na heshima ingebaki. Mimi nilikuwa nimeleta chuo kikuu. Nikageuka nimwonyeshe mmea wenyewe, labda utanitetea. Shahidi wangu alikuwa amefunga kila jani na kulalia udongo, hataki kuulizwa.

"Gusa mwenyewe, baba," nikasema. "Huo mzizi wa pembeni, ambao sijaufukia."

Akasita, lakini ni mtu wa haki. Akainuka, akachuchumaa, akausugua mzizi kwa kidole gumba na cha shahada. Nikamwacha nikaenda kuchota maji, kwa sababu mche ukishawekwa hausubiri: unataka lita mbili mara moja, polepole, udongo ukae na mifuko ya hewa iondoke.

Nikiwa bombani nikaona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, uso wa baba mkwe ukiingia imani. Alinusa kidole, akavuta kichwa nyuma, akanusa tena kuhakikisha. La pili, mlango wa nyuma ukifunguka, mama mkwe akitoka, na upepo ukiwa umegeuka kumwelekea yeye. Pale shimoni alikuwa amebaki mzee peke yake, amechuchumaa.

"Sasa ni babu!" akatangaza binti yangu.

Mama mkwe akasimama. Akavuta pumzi moja, akajuta. "Mzee," akasema, sauti ya chini, "ugenini?"

"Si mimi," akasema baba mkwe. "Ni mizizi."

"Mizizi gani?"

"Ya huu mmea. Ukiugusa kwa kidole unatoa gesi. Ukiugusa kwa chuma, hautoi. Muulize mkweo, wameandika Marekani."

Mama mkwe akautazama mmea uliolala chali na majani yamefumba. "Mmea wenyewe umekufa," akasema, akarudi ndani, akafunga mlango na madirisha yote ya upande ule.

Nikamalizia kazi nikiwa na msaidizi asiyesema neno. Tulijaza udongo hadi usawa uleule mche ulikokuwa umezoea, kwa maana shina likizikwa zaidi huoza. Tukaushindilia kwa viganja, si kwa mguu. Nilikata theluthi moja ya matawi, yale marefu, ili mizizi iliyopungua isilishe majani mengi. Nikasimamisha vijiti vinne na kipande cha kitambaa chepesi juu yake kwa kivuli. Kivuli hicho kikae siku 5 hadi 7, kisha kiondolewe, maana kifauongo kinapenda jua la kutosha na hakichanui vizuri gizagizani. Maji ni kila jioni katika wiki hiyo ya kwanza, baadaye pale tu udongo wa juu unapokauka. Kikilowa muda wote kinaoza mizizi.

Watu wengi hukiua katika wiki hiyohiyo kwa kukihukumu mapema. Kifauongo kilichojikunja bado ni kijani, na shina lake limekaza. Kwenye maungio ya majani kuna uvimbe mdogo. Ukikigusa, chumvi za potasiamu na kloridi hutoka kwenye seli za upande mmoja wa uvimbe, maji yakazifuata, seli zikanywea na jani likaanguka. Maji yakirudi, kwa kawaida baada ya dakika 15 hadi 30, jani hufunguka. Kilichokufa kwelikweli hubadilika rangi, ncha hukauka, na vijani hupukutika ukivigusa. Ukiwa na shaka, kwangua ganda la shina kwa ukucha: chini yake pakiwa pabichi, endelea kumwagia.

Na watoto wazuiwe kukichezea kwa wiki mbili. Jani lililofungwa halinasi mwanga wa kutosha, na mche mgonjwa unahitaji kila tone la chakula unachojitengenezea. Kwa mmea uliokwisha shika ni jambo lingine, tena wenyewe huwachoka: mwaka 2014 mtafiti Monica Gagliano na wenzake walieleza jinsi walivyodondosha vyungu vya kifauongo kutoka sentimita 15, mara nyingi mfululizo, hadi mimea ikaacha kujikunja.

Chetu kilifumbua majani asubuhi, wakwe wakiwa wameshaondoka. Kimechanua tangu hapo, nami nayakata maganda yakiwa bado ya kijani. Hilo si la hiari. Maganda yakikomaa yana vinywele vikali vinavyonasa kwenye nguo na manyoya ya wanyama, mbegu zake hukaa ardhini miaka, na ukizembea msimu mmoja bustani yote inakuwa ya kifauongo. Mwenye nafasi ndogo akipande kwenye chungu, mbali na njia ya watoto wanaotembea pekupeku.

Juzi baba mkwe alipiga simu. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema anataka kifauongo kimoja, akipande kwake. Nikafurahi, nikamwambia nitamtumia mbegu, ndiyo njia rahisi: azimwagie maji ya moto yasiyochemka, aziache humo hadi kesho yake ili ganda gumu lilainike, azifukie nusu sentimita tu, zitaota kati ya wiki moja na nne. Hana haja ya kuhangaika na mche.

"Mbegu sitaki," akasema. "Nataka mche, wenye mizizi, kwenye chungu. Uje nao wewe mwenyewe, uung'oe hapa, mbele ya mama mkweo."

Nikamuuliza kama nije na glavu.

"Glavu za nini? Njoo na shahidi mwingine. Yule mtoto muache huko huko."