Kobalti ya Kongo: bei imepanda, mchimbaji wa mikono amepata nini?

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha usafirishaji nje ya nchi wa kobalti, madini yanayotumika kutengeneza betri. Bei ilikuwa imeporomoka hadi kama dola 10 kwa ratili, ilhali mwaka 2018 ilipita dola 40. Oktoba zuio likaondolewa na mahali pake ukaja mgawo, yaani kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kusafirishwa: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Mwaka 2024 nchi hiyo ilizalisha takriban tani 220,000, robo tatu ya kobalti ya dunia nzima. Zaidi ya nusu ya mzigo, basi, imezuiwa kwa makusudi.

Naiunga mkono hatua hiyo. Kobalti ya mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga hutoka pamoja na shaba. Shaba ikilipa, migodi mikubwa huchimba usiku na mchana, na kobalti hujaa sokoni itakiwe isitakiwe. Migodi miwili tu ya kampuni ya CMOC ya China, Tenke Fungurume na Kisanfu, ilitoa tani 114,000 mwaka 2024, nyingi kuliko mgawo wa sasa wa nchi nzima. Tangu zuio, bei imepanda zaidi ya mara mbili. Mrabaha wa asilimia 10 hutozwa kwa thamani ya madini, kwa hiyo serikali inaweza kuuza nusu ya mzigo isipoteze mapato.

Wanaopinga wanataja Indonesia, ambako kobalti hupatikana pamoja na nikeli na uzalishaji unakua haraka. Wanataja pia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata chembe, ambazo sasa zimo katika magari mengi ya umeme yanayouzwa China. Hoja ya Indonesia ni nzito: Kongo ikibana mno, inamfungulia mshindani soko. Hiyo ya betri hainishawishi sana. Betri hizo zilienea hata miaka ambayo kobalti ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kinachonikera ni namna mgawo ulivyogawanywa. Kampuni zimepewa sehemu kulingana na zilichosafirisha miaka iliyopita. Mchimbaji wa mikono hasafirishi chochote. Anabeba gunia hadi kwenye maghala ya Musompo, nje ya mji wa Kolwezi; linawekwa kwenye mizani, mnunuzi anapima kiwango cha madini kwa mashine yake mwenyewe, kisha anataja bei. Mgodi mkubwa zuio likija huhifadhi mzigo ghalani ukisubiri bei ipande. Mchimbaji wa mikono hana ghala, na watoto wanataka kula leo. Mnunuzi asiye na mgawo naye ana kila sababu ya kumpunja, kwa kuwa hajui atauza wapi.

Katika zile tani 96,600, tani 9,600 ni akiba ya kimkakati iliyo mikononi mwa ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko hilo. Sehemu inayojulikana ya akiba hiyo ipewe EGC, shirika la serikali lililoundwa mwaka 2019 ili kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono, na ununuzi wake uwe na bei iliyobandikwa ukutani na mashine ya kupimia isiyo mali ya mnunuzi. Sheria ya kufanya hivyo haihitaji kutungwa upya. Tani zipo na shirika lipo.