Wiki nne zilezile

Kila nikirudi Tanzania kusalimia, swali la kwanza ni mshahara. La pili ni baridi. Hakuna anayeniuliza kama kazi yenyewe naipenda, au kama inaniacha na nguvu za kuishi, na hilo ndilo ninalotamani kulizungumza kuliko yote.

Mimi ni mhasibu. Kazi hii niliifanya miaka sita nyumbani, na sasa naifanya Ujerumani. Hesabu ni zilezile, na presha ya mwisho wa mwezi ni ileile. Kilichobadilika ni mwili wangu: siku hizi nalala usingizi.

Mwaka wangu wa mwisho nyumbani niliugua malaria katikati ya kufunga hesabu za mwaka. Daktari akanipa ED, ile karatasi ya ruhusa ya mgonjwa kupumzika, ya siku tatu. Bosi aliisoma ile karatasi, akaikunja, akasema, "Sawa, lakini ile ripoti ataimalizia nani?" Nikarudi mezani. Kanula ya kupitishia dawa ilikuwa bado iko mkononi, plasta imeanza kubanduka, na kila nikigusa kibodi inachoma. Wenzangu waliona. Hakuna aliyesema neno, maana kila mmoja wetu alikuwa ameshawahi kufanya hivyohivyo, na sote tulikuita kujituma.

Huku, majira yangu ya baridi ya kwanza, nilikwenda kazini na homa. Msimamizi alinisikia nakohoa, akaja mpaka mezani pangu na kuniambia niende nyumbani, kazi nitaikuta. Nililala siku mbili nikisubiri barua ya kufukuzwa. Haikuja. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia wote, kwa sababu sheria ya hapa inamtaka mwajiri amlipe mgonjwa mshahara kamili hadi wiki 6.

Niliamini kwamba wenzetu wana sheria nzuri na sisi hatuna. Siku moja nikakaa nikazisoma zote mbili. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, kwa malipo. Ni wiki 4. Kiwango cha chini cha Ujerumani ni siku 24 kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki. Wiki 4 zilezile! Ukiugua, sheria yetu inakupa siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Hata muda wa kupumzika kati ya siku ya kazi na siku inayofuata, huku ni saa 11, kwetu ni saa 12. Halafu sisi ndio tunaojibu meseji za bosi saa tano usiku.

Kinachotutofautisha, basi, ni hofu. Nyumbani nilikuwa naandika barua ya likizo kama mtu anayeomba msamaha, na nilijua nje ya geti kuna vijana wengi wenye vyeti kama vyangu wanaokitaka kiti changu. Hofu hiyo ina sababu, sibezi. Na kuna ndugu zetu wengi wasio na mkataba wowote, vibarua wa siku kwa siku, ambao kwao hizo siku 28 ni hadithi tu. Lakini hata sisi wenye mikataba tulizoea kuziacha zipotee.

Huku mwajiri ndiye anayenikumbusha. Mwaka 2019 mahakama kuu ya kazi ya Ujerumani ilisema kwamba likizo haipotei mwisho wa mwaka kama mwajiri hakumhimiza mfanyakazi aichukue na kumweleza wazi kuwa ataikosa. Kwa hiyo napata barua: umebakiwa na siku kadhaa, tafadhali panga. Mara ya kwanza niliisoma mara mbili nikitafuta kosa langu.

Sisemi huku kila kitu ni kizuri. Ninayekaa naye meza moja, mwaka wa tatu huu, sijui watoto wake wanaitwa nani. Nyumbani, siku niliyoingia ofisini kimya, kuna dada alivuta nusu ya faili zangu akaziweka kwake bila kuniuliza kitu. Tulibebana. Hilo sijalipata hapa na nalikumbuka sana, ila naona pia kwamba tulibebana kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kukaa chini.

Mdogo wangu ameajiriwa mwaka huu, kazi yake ya kwanza. Nimemwambia aombe likizo kwa maandishi, mapema, na abaki na nakala. Akanijibu, "Kaka, wewe uko mbali. Mimi nikiwa wa kwanza kuomba, wataniona mvivu."

Kwa hiyo nawaomba ninyi mabosi wa nyumbani, maana mdogo wangu hawezi kuanza yeye. Pangeni ratiba ya likizo ya ofisi nzima mwezi Januari, muibandike ukutani, na jina la kwanza juu kabisa liwe lenu.