Nani Kakutuma Uniletee Drayva Mpya?

Jamani, mimi sina ubaya na mtu. Hapa Ngamiani ukitaka baiskeli yangu nakuazima, ukitaka chumvi unachota. Ila hii kompyuta ya nyumbani inanitafutia makuu. Jioni nataka kuizima nikale, inanijibu ningoje, inasasisha. Haya, sasisha. Asubuhi naiwasha, printa ambayo jana ilikuwa inachapa maua yanataka kunukia, leo hainijui.

Imeletewa drayva mpya. Na nani? Kwa ombi la nani?

Kwa asiyejua, drayva ni kijiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa: printa, spika, kioo, hata kile kibao cha kupapasa. Ikikaa sawa hujui kama ipo. Wakishaibadilisha, utaijua tu.

Nilikuwa na kadi za harusi za watu wa Makorora. Nabonyeza kuchapa, zinatoka karatasi za vialama, mstari mmoja kila ukurasa, na printa haishiki breki mpaka trei inabaki tupu. Mama wa bibi harusi akaokota moja, akaigeuza huku na huku. "Mwanangu, hii kadi au hirizi?" Na swali hilo ukiulizwa Tanga, usikimbilie kulijibu.

Nikaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, kuna kitufe cha Roll Back Driver, cha kurudisha drayva ya zamani. Nakiona, ila kimefifia, hakibonyezeki, maana mashine haikuweka akiba ya ile iliyotangulia. Sasa umeniwekea kitufe cha nini, nikitazame?

Mke wangu akasema, "Baba Mwanaidi, muite mpwa wako." Kijana akaja kutoka Chumbageni, shikamoo mjomba, marahaba, akaketi kama daktari. Akanipeleka kwenye mipangilio ya kusakinisha vifaa, nikachagua No. Nikafurahi. Sasisho lililofuata, drayva ileile hiyo imerudi! Kumbe lile swali linauliza habari za programu na vipicha vya watengenezaji wa vifaa, nami nilikuwa nakataa vipicha.

"Basi mjomba, tufungue gpedit, pale pa kuiwekea Windows amri." Haifunguki. Windows ya Home haina gpedit, wanayo wenye Pro. Maana yake mwenye nyumba hana sauti, mwenye ofisi anayo.

Ikabaki regedit, mlango wa kuhariri rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows. Mpwa wangu akanionya kwamba humo ukifuta kisichofutwa kompyuta inaweza isiwake tena, kwa hiyo kwanza akahifadhi nakala ya rejista. Kisha akaingia HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Microsoft, Windows, WindowsUpdate. Hiyo ya mwisho haikuwepo, akaiumba mwenyewe. Ndani yake akaongeza DWORD, yaani nafasi ya kuwekea namba, iitwayo ExcludeWUDriversInQualityUpdate, ya kuzuia drayva zisije na masasisho. Jina hilo ukianza kuliandika Ngamiani unalimaliza Pongwe, na herufi moja ikikosewa hakuna kinachokwambia, kimya tu.

"Sasa weka 1," akasema.

"Sifuri," nikamwambia. "Mimi nakataa."

"Mjomba, ukiweka sifuri umeruhusu. Moja ndiyo marufuku."

Nikaweka 1 kwa shingo upande. Masasisho ya usalama yanaendelea kuja, hayo sina ugomvi nayo, mlinzi hafukuzwi. Drayva ya printa tukaifuta, tukasakinisha ile ya kwenye CD iliyokuja na printa, tukaiwasha kompyuta upya. Kadi zikatoka na majina ya watu.

Sasa jirani yangu kasikia. Kompyuta yake kazi yake ni karata, akichoka karata anaifunika kitambaa cha kufumwa. Kaja kulalamika spika zake zimebadilika sauti baada ya sasisho. Nikaenda, nikaandika gpedit kwa dharau tu, najua haifunguki.

Ikafunguka. Pro! Mashine ya karata!

Nimemwambia aje kesho, leo kichwa kinauma.